Vifaranga Watatu wa Beseni la Bluu

Harufu ya plasta ya kitambaa, ile nyeupe inayonata vidole kabla haijanata kidonda, hunirudisha Matombo kila mara. Juzi nilikata kipande nyumbani kwangu hapa Morogoro mjini, nimfunge mwanangu kisigino kilichochubuliwa na kiatu cha shule, nikajikuta nimesimama na mkasi mkononi nikisikia vifaranga wakilia.

Nilikuwa na miaka tisa. Likizo ile ya Desemba mama alinipeleka kwa Bibi, mzaa baba, aliyeishi peke yake katikati ya migomba yake, juu kidogo ya njia ya kisimani. Bibi aliniita "mke mwenzangu", ingawa babu alifariki kabla sijazaliwa. Siku niliyofika alinikabidhi mtetea mwekundu aliyekuwa anaatamia. Akasema kuku ni wangu, mayai ni yangu, na litakalotokea pia ni langu. Mimi niliyekuwa sijamiliki hata kijiko nikaanza kutembea kifua mbele.

Walitoka tisa. Hapo ndipo nilipoharibu. Kiota kilikuwa cha majani makavu ya mgomba, nami nikakiona kichafu. Nikachukua beseni la bluu la kufulia, nikalisugua kwa sabuni mpaka likang'aa, nikahamishia humo mama na wanawe, nikawafunika kwa tenga. Bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake kijiji cha pili, akaniacha chini ya macho ya jirani yetu, Mama Anjela, ambaye alikuja kuhakikisha nimekula, wala hakuuliza habari za kuku.

Siku ya pili asubuhi nilifunua tenga. Vifaranga sita walikuwa wamesimama. Watatu walikuwa wamelalia vifua, miguu imekwenda huku na huku kama ya mtu aliyeteleza kwenye tope la masika. Nikimsimamisha mmoja, miguu inafunguka tena, taratibu, anashuka chini akinitazama. Mama Anjela alipowaona alisema hao ni wa paka, nisijisumbue. Nililia mpaka kwikwi ikanishika.

Bibi alirudi mchana huo. Akaniuliza imekuwaje, nikamwambia mama yao amewakanyaga. Hakubisha. Aliwatoa kuku wote akawaweka chini, akamimina maji kidogo kwenye beseni, akaniambia nivue kandambili niingie nisimame. Niliingia. Mguu mmoja ulikwenda kulia, mwingine kushoto, nikamdaka bega nisianguke.

"Una miaka tisa na umenishika bega," alisema. "Wao wana siku mbili. Wangemshika nani?"

Alikwenda ndani akarudi na plasta aliyopewa zahanati alipojikata na jembe, akakata vipande vyembamba kama utambi. Alinifundisha kumkalisha kifaranga kiganjani, kuirudisha miguu chini ya mwili, kisha kuizungushia plasta mguu huu na mguu ule, na kuacha katikati nafasi ya kumtosha kusimama kawaida. Ukibana sana, alisema, unamfanya mfungwa. Ukilegeza, hujafanya kitu. Wa kwanza alimfunga yeye. Wa pili tulisaidiana. Kwa wa tatu Bibi aliweka mikono yake nyuma, nikamfunga peke yangu, ulimi nje.

Tuliwatenga na wenzao wasidonolewe, tukawaweka kwenye boksi karibu na jiko, juu ya gunia la katani lenye kukwaruza, kucha zipate pa kushika. Kazi yangu ilikuwa kuwainua mara kwa mara wajaribu kusimama, kuwadondoshea maji mdomoni kwa ncha ya kidole, na kuwapa chenga za mahindi zilizolowekwa. Mama Anjela alipopita akachungulia boksini, akacheka. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema, "lakini hawa wamezaliwa hapa hapa."

Siku ya tatu ya plasta, wa kwanza alipiga hatua mbili akaanguka, akanyanyuka mwenyewe. Jioni wa pili akamfuata. Tulipowafungua walikimbilia kwa mama yao bila kugeuka nyuma, nami nilijiona daktari.

Wa tatu ndiye niliyemfunga mimi. Hakusimama. Goti moja lilikuwa limevimba, na Bibi alipolipapasa alisema mshipa umetoka mahali pake, tena kosa si la plasta, tangu mwanzo ulikuwa hivyo. Nilikataa. Nilimfunga upya, nikamfungua, nikamfunga. Siku mbili zaidi nilimlisha kwa nguvu, na siku ya pili akaacha kumeza. Bibi alikaa karibu yangu kwenye kigoda.

"Mke mwenzangu, hapa dawa imeisha. Kilichobaki ni maumivu yake. Niachie mimi."

Alimtwaa, akaenda naye nyuma ya nyumba. Alirudi mikono mitupu, akanawa, akaendelea kumenya ndizi.

Nilimchukia. Asubuhi iliyofuata nilimpita mlangoni bila kumwamkia, jambo ambalo kwetu mtoto halifanyi hata kwa mzee asiyemjua. Nilikuwa nimefika uani niliposikia sauti yake nyuma yangu, ya kawaida kabisa:

"Marahaba."

Siku ya pili hivyo hivyo. Nikapita kimya, akaitikia. Nilidhani masikio yake yamechakaa. Siku ya tatu aibu ilinizidi, nikasema shikamoo kwa sauti ndogo, akaitikia kama alivyoitikia zile ambazo sikuzitoa, akanituma nikachote maji.

Siku hizi nafuga kuku wangu. Najua kumfunga kifaranga plasta huku naongea na simu, na wengi husimama. Nimewahi pia kwenda nyuma ya nyumba, mwanangu akinitazama kwa macho niliyoyatambua. Ndipo nilipoelewa kwamba Bibi alijua fika kuwa hasira yangu ilikuwa ya haki kwa umri wangu. Aliibeba pamoja na kazi ile ambayo sikustahili kuifanya. Na hakutaka nirudi kwake nikiwa na deni la adabu, basi akawa ananiitikia mapema, siku baada ya siku, mpaka nikawa tayari kumsalimu.