Bihogo wa Kwenye Simu

Watu wa kampuni za simu siwachukii. Nawaonea wivu kidogo, kwa sababu wanalipwa kutia chumvi huku wamevaa fulana safi. Niliwaona siku walipoingia gulioni kwetu Nyabiyonza na gari lenye spika, muziki ukitetemesha mafungu ya nyanya, na binti mmoja amesimama juu akiwarushia kofia watu ambao hawakuwa wamelalamikia jua. Ubavuni mwa gari waliandika: Ione dunia inavyostahili kuonekana. Niliutua mkungu wangu wa ndizi nikayasoma maneno yale tena. Mimi nilidhani dunia inastahili kuonekana ilivyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kilikuwa kinatembezwa kwa gari.

Gari lile lilizunguka hadi upande wa Kyerwa, na huko Nyakatuntu mzee mmoja akanunua simu yao. Ndiye aliyekuwa mshenga wa wakwe zetu watarajiwa. Kama angenunua redio, nisingekuwa na la kusimulia.

Simu ninayo, msinifikirie vibaya. Nilirithi ya mpwa wangu alipopata nyingine. Nampigia nayo mnunuzi wa kahawa, nasikiliza kwaya, natazama picha za watoto wa watu. Ninachogombana nacho ni tabia yake ya kuniuliza mambo. Nikiifungua asubuhi inaniambia kuna toleo jipya lililoboreshwa, kisha inanipa vitufe viwili: Sasisha sasa, na Nikumbushe baadaye. Cha kusema sitaki hakipo. Hata mchumba anayekuja kuposa na mbuzi wake anajua anaweza kujibiwa hapana akarudi nao nyumbani. Hawa wa simu hawajalelewa hivyo. Siku nilipochoka nikasasisha, wakahamisha kila kitu, nikamtafuta dada wa kanisani siku nzima kumbe wamemweka chini ya alama ya nyota.

Basi huyo mpwa wangu, binti pekee wa mdogo wangu wa kiume, alipendana na kijana wa familia ya wafugaji. Alinipenda mimi kwanza, maana alikulia jikoni kwangu zaidi ya kwao, na aliponijia na habari za kijana wake alikuwa anamenya ndizi huku anakitabasamia kisu. Nilisema huyu kashaondoka, kilichobaki ni taratibu. Nilitaka ndoa ile kuliko nilivyotaka mvua.

Mazungumzo ya mahari yalikwenda vizuri. Mdogo wangu ni mtu mpole, mkulima wa ndizi na kahawa kama mimi, na mengine yote aliwaachia wazee. Jambo moja tu alilishikilia: katika ng'ombe watakaoletwa, mmoja awe bihogo, yaani mwekundu wa kukolea, kama udongo wetu baada ya mvua. Mama yetu aliwahi kuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na mdogo wangu alitaka wa rangi ile asimame tena uani siku binti yake anatolewa. Wakwe walisema hilo si tatizo. Kwao ng'ombe wanaitwa kwa rangi zao, na mtu anayechanganya bihogo na gaju, ambaye wekundu wake umepauka, hata ndama humwachii akuchungie.

Siku chache kabla ya sherehe mshenga alituma picha. Mdogo wangu alikuja mbio nyumbani kwangu, hata shikamoo yangu akaisahau, akaninyooshea simu. Ng'ombe aliyekuwa kwenye picha aling'aa. Alikuwa mwekundu hadi kwenye kope, nyasi za nyuma zilikuwa kijani kama majani ya chai, na pembe zilikuwa nyeupe kama zimepigwa mswaki. Alimwonyesha mchungaji baada ya ibada, akawaonyesha wanakwaya, akamwonyesha fundi baiskeli. Picha ya mke wake iliyokuwa mbele ya simu ikaondolewa, akawekwa ng'ombe. Wifi yangu alinuna siku mbili, na alikuwa na haki.

Siku ikafika. Tulitandaza nyasi mbichi sebuleni, kahawa ya kutafuna ikawekwa kwenye vikapu vidogo, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikachujwa. Bibi harusi alikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia na wenzake, kama inavyotakiwa, asionekane wala asisikike mpaka aitwe. Fuso la wakwe likaingia, akina mama wakapiga vigelegele, mbuzi wakashuka, ng'ombe wakashuka, na wa mwisho akashushwa kwa kamba yule mwenyewe.

Alikuwa gaju. Gaju mzuri, mnene, mtulivu, lakini gaju.

"Huyu siye," mdogo wangu alisema.

Baba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye fimbo, alidhani hakusikia vizuri. "Siye nani?"

"Niliomba bihogo. Mkanitumia bihogo. Sasa mnanishushia gaju."

"Mwenzangu, mimi nimekua na ng'ombe. Nilisema kwa mdomo wangu, mwambieni kwamba bihogo wote wana mimba, hatuwezi kuwapakia kwenye gari, tunaye gaju mwema, kama anamkubali. Mshenga akaniambia umekubali."

Mshenga alijifuta uso. "Niliona nikimtumia picha ataona mwenyewe. Akajibu amefurahi sana."

Mdogo wangu alitoa simu yake. Baba mkwe aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu ng'ombe wa nani?" aliuliza.

Hapo ndipo palipochafuka. Mmoja alijiona ametapeliwa mbele ya ukoo wake. Mwingine alijiona ameitwa mtu asiyejua ng'ombe wake, na kwa mfugaji hilo ni tusi zito kuliko kuitwa mwizi. Vigelegele vilikatika. Mzee wa fimbo alimwambia dereva, kwa sauti ya chini kabisa, ateremshe ubao wa nyuma wa gari, ng'ombe warudi. Niliangalia dirisha la chumba cha ndani nikaona vidole vya mpwa wangu vimelikamata pazia.

Nilipandwa na hasira, na hasira yangu ina faida zake. Nilimfuata mshenga nikamwambia, "Shemeji, lete hiyo simu yako." Alinipa. Niliwaelekezea wale wazee wawili pale walipokuwa wamenuniana, nikawapiga picha, kisha nikawapelekea waione.

Mdogo wangu hakuwa na kunyanzi hata moja. Mashavu yake yalikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ndevu nyeupe za baba mkwe zilikuwa zimepata rangi ya kahawia, na macho yake yalikuwa makubwa kama ya ndama.

"Huyu ni nani?" mdogo wangu aliuliza.

"Ni wewe, kama unavyostahili kuonekana," nilimwambia.

Baba mkwe alianza kutikisika mabega kabla kicheko hakijatoka. Kilipotoka kilitoka chote, akalazimika kuegemea fimbo. Watu wakagombania kuona. Mshenga aliapa kwamba hakuwasha kitu chochote, alinunua simu ikiwa hivyo hivyo, na nilimwamini, maana ndio mtindo wa wale wa simu: wanakufanyia jambo usiloomba, halafu wewe ndiye unayeitwa mwongo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu asiyetakiwa kusikika. "Shangazi, gusa kitufe kilichoandikwa Pendezesha. Kizime."

Nilikizima. Nikampiga picha ng'ombe, akatoka gaju, na mzee wa fimbo akatikisa kichwa kukubali kwamba sasa simu imepata akili.

Mshenga alikuwa ameokoka, lakini mdogo wangu bado alisimama akimtazama yule ng'ombe kwa huzuni. Hasira ilimtoka, hamu ikabaki. Nikaona sasa nimwambie jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa sababu halikuwa likimdhuru mtu.

"Ng'ombe wa mama unamkumbuka?"

"Namkumbuka sana. Bihogo."

"Wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa namkamua. Alikuwa gaju. Mama alikuwa akimsifia, na wewe ukampaka rangi mwenyewe."

Sikusema hivyo ili kuokoa sherehe, ingawa iliokoka. Ndivyo alivyokuwa. Mdogo wangu alinikazia macho kuona kama namtania, akaona simtanii. Akamwendea ng'ombe, akaweka mkono shingoni mwake, akainama akamnusa nyuma ya sikio. Alipoinuka alikuwa analia na kucheka, na hakujali nani anamwona.

"Dada," alisema, "harufu ni ile ile."

Nilimkumbatia palepale. Baba mkwe akampigia dereva kelele aupandishe ule ubao, akina mama wakaanza upya vigelegele walivyokuwa wamevimeza, na kikapu cha kahawa kikapita. Mpwa wangu alipoitwa alitoka akiwa na jasho, pua inang'aa, lipustiki imefutika upande mmoja kwa kung'ata mdomo, na hiyo ndiyo picha niliyoitundika ukutani kwangu. Hajawahi kupendeza vile.

Gaju yupo nyumbani kwa mdogo wangu, na ameshazaa. Gari la spika limerudi gulioni na simu nyingine, inayopendezesha zaidi, na nimesikia ni nani aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilikwenda kumsema. Nilimkuta ameketi karibu na zizi, anajipiga picha, kichwa amekilaza upande kama msichana.

"Hata baada ya yote yale?" nilimwuliza.

"Ng'ombe wa kweli ninaye, dada," alinijibu bila kuondoa macho kwenye simu. "Sasa niache niwe kijana."