Nyuzi Tisini Kutoka Bwegera

Mucheke tu, nimekwisha kuzoea. Hata mama mmoja wa kuuza ndagala, samaki wale wadogo, pale sokoni Mulongwe akiniona ananiuliza kama leo nimenywesha gari, na mimi napita kama sikusikia. Lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia namna yake (kuna wanaosema kamio, lile lori, ilipinduka, kuna wanaosema nililia), leo acheni niiseme mwenyewe, mimi niliyekuwa nimeshika volani, usukani wenyewe, na sikulia, ni matope yaliniingia machoni.

Chanzo ni mchezo. Nina ordinatere, kompyuta ya mezani, nina volani ya plastiki niliyoifunga kwenye meza kwa mipira, na kwa miaka mitatu, kila umeme ukiwepo, nilikuwa naendesha makamio makubwa ya Ulaya humo chumbani kwangu, na si kuendesha tu, nilikuwa mkali. Kwenye kundi letu la simu la wapenda mchezo ule walinijua kwa jambo moja tu: joto la motere, injini yenyewe. Maana ukiwasha gari kwenye mchezo, mshale wa joto unapanda mpaka nyuzi tisini, halafu unakaa pale pale kama umepigiliwa msumari, upande mlima na tani arobaini, ushuke, ukimbie, hausogei. Jambo hilo lilinikera jamani! Niliwaandikia kundini maneno marefu, "Motere ya kweli inachoka, inapata moto, mshale usiosogea ni uongo!", na nikatafuta nyongeza aliyoitengeneza jamaa fulani wa mbali, nikaiweka, na kuanzia hapo mshale ukawa unapanda mlimani, feni inanguruma, na usipopunguza mwendo motere inakufia njiani. Nikajiona fundi. Mtu ambaye hajawahi hata kufungua kifuniko cha radiatere, pale motere inaponyweshwa maji! (Permi ya kuendesha, leseni, ninayo, tena ya haki, ila niliipatia kwenye kagari kadogo.)

Sasa Neema, mchumba wangu, aliniona siku moja nimekaza macho na volani yangu, akaenda kumwambia baba yake kwamba mimi mambo ya makamio nayajua. Neema hakudanganya, alisema alichokiona. Aliyedanganya ni mimi.

Baba yake, Papa Kashindi, ana Fuso moja ya zamani ya kubeba mchele kutoka Bwegera mpaka hapa Uvira. Wiki ile shofere wake, Deo, malaria ilimwangusha, na siku ya Jumamosi familia yao ilikuwa ikae kutoa jibu, maana wazee wangu walikuwa wamekwisha kwenda kumwomba Neema na tulikuwa tunangoja neno tu. Na neno la nyumba ile linatoka kwa Shangazi Nabintu, dada mkubwa wa Papa Kashindi, mama wa kuuza mchele anayekaa Bwegera. Asipokuwepo, hakuna anayefungua mdomo, na akija anakuja na bidoni yake, dumu la kasiksi, pombe ya ndizi anayoitengeneza kwa mkono wake, ambayo wazee wanaonja kwanza ndipo jibu litoke. Ndiyo desturi yao.

Papa Kashindi akaniita. "Neema anasema unajua kamio."

"Ndiyo, Papa," nikajibu. "Kamio ni kazi yangu."

Ndiyo peke yake ingetosha! Hiyo nyingine sijui ilitoka wapi.

"Basi Jumamosi asubuhi uende kunichukulia dada yangu na mchele wake."

Jumamosi nikapanda kwenye Fuso, na kitu cha kwanza kutazama ni nini? Mshale wa joto, bila shaka. Ulikuwa katikati kabisa, pazuri, pale pa tisini. Nikafurahi. (Sasa mnisikilize vizuri: nilikuwa bado sijawasha gari. Funguo ilikuwa mkononi. Motere ilikuwa imelala baridi tangu jana yake, na mshale uko tisini, na mimi, mwalimu wa joto, nikajiambia kwamba motere hii inatunza moto wake vizuri.) Kwenda ilikuwa safi, asubuhi kuna baridi, gari tupu, nikafika Bwegera natoa mkono dirishani kama shofere wa miaka ishirini.

Tukapakia mchele, wamama sita wa soko wakapanda juu ya magunia, Shangazi Nabintu akaingia mbele pamoja nami, bidoni yake ya njano akaisimamisha nyuma ya kiti, na tukaondoka jua likiwa utosini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mtoni Runingu. Pale wamama wakaanza kupiga paa la kabini kwa viganja: "Shofere! Maji! Maji!"

Shangazi akasema, "Simama. Hapa gari inakunywaka."

"Shangazi, haina shida, iko tisini."

"Tisini ya nini?"

Ndipo nikafungua somo. Nikamweleza motere ni nini, feni inafanya nini, kwa nini nyuzi tisini ndiyo afya ya motere, na kidole changu kinaonyesha mshale. Yeye akanitazama mimi, hakutazama mshale.

"Deo anasimamaka hapa kila siku," akasema.

"Deo hatazami mshale, Shangazi."

"Minye sikuulizi habari ya mshale. Weye, simama!"

Mara tatu aliniambia. Na mimi, kwa sababu nilitaka aone amepata mkwe mwenye akili, nikaongeza mwendo.

Hatukufika mbali. Kwanza ilikuja harufu, halafu mvuke mweupe ukatoka mbele hata barabara sikuiona, halafu motere ikakohoa na kunyamaza yenyewe. Nikatazama mshale. Tisini. Nikaugonga kwa kidole: tisini. Hapo ndipo nikaelewa kwamba mshale ule ulikufa zamani, pengine kabla sijapata permi, na kila mtu kwenye barabara ile alijua hivyo isipokuwa mimi, niliyepigana na dunia nzima kwamba mshale usiosogea ni uongo.

Shangazi akashuka, akaenda kutafuta kivuli ampigie kaka yake simu. Mimi nikainua kabini, nikavua shati, nikalizungushia mkono, nikafungua kifuniko cha radiatere motere ikiwa bado inachemka. Msifanye hivyo hata siku moja! Maji ya moto yaliruka juu kuliko kichwa changu, nikaruka kinyumenyume, mguu ukakosa ardhi, nikaingia mzima mzima kwenye mfereji wa shamba la mpunga, kichwa kikatangulia. Wamama wale juu ya magunia walicheka mpaka mmoja akaomba ashushwe asije akaanguka.

Nilipotoka humo nilikuwa na jambo moja tu akilini: maji yaingie, tuondoke, jibu linangoja. Motere ilipotulia kidogo, nikachukua bidoni ya njano nyuma ya kiti, nikidhani kwa haraka yangu ni maji, nikamimina polepole, yote. Niliona povu, nikasema ni uchafu wa radiatere. Harufu sikuisikia, pua ilikuwa imejaa matope.

Shangazi akarudi. "Bidoni yangu iko wapi?"

Nikanyoosha kidole mbele ya gari. Aliinama juu ya radiatere, akanusa mara moja, akarudi kukaa mahali pake, akafunga mlango taratibu sana. Heri angenipiga!

Gari iliwaka, sijui kwa nini, labda kasiksi ilikuwa nzuri. Tukaenda polepole, mvuke wa pombe ya ndizi unatutangulia kila kijiji, watu wanatoka kwenye nyumba zao kutazama ni harusi ya nani. Kwenye barieri ya kuingia Uvira askari akanusa, akanitazama nilivyojaa matope, akauliza, "Shofere, umekunywa?"

Mama mmoja akajibu kutoka juu, "Shofere hapana! Gari ndiyo imekunywa!"

Familia nzima ilikuwa imeketi uani kwa Papa Kashindi, wazee wangu pia wako pale, wamevaa suti na vitenge, na vikombe vimepangwa tayari juu ya meza. Nikasimama mbele yao na matope yangu. Neema akafunika uso kwa mikono.

"Vikombe virudi ndani," Shangazi akasema. "Hakuna cha kuonja." Kisha akanigeukia. "Nilikuambia usimame mara ngapi?"

"Tatu, Shangazi."

"Umeendesha kamio miaka mingapi?"

Mjomba wangu akanikonyeza niseme kitu cha maana. Nilitaka kusema mitatu, neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikamwona Neema ameondoa mikono usoni, ananitazama, anangoja, na nikaona nikisema uongo mwingine mbele yake hata kama nitapewa nitakuwa nimempoteza.

"Leo ndiyo mara ya kwanza," nikasema. "Zingine zote ni mchezo, kwenye ordinatere. Ninauendesha chumbani, kwenye meza."

Papa Kashindi akarudia polepole, "Kwenye meza," na wazee wangu wakatazama chini, na baba yangu akavua miwani akaanza kuifuta bila sababu. Nilijua yamekwisha.

Shangazi Nabintu akapangusa matope yaliyomrukia kwenye kitenge chake, halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Uongo wake hauna miguu," akawaambia. "Mwanaume wa hivyo, Neema atamjua kila siku anapodanganya. Mtoto huyu apewe mke." Wamama wakapiga vigelegele, mjomba wangu akainuka kunikumbatia akakumbuka suti yake akakaa tena, na mimi nikaanza kushukuru.

"Ngoja," Shangazi akasema, akanyoosha kiganja. "Funguo ya gari."

Nikampa. Basi mimi ni mwanaume aliyepewa mke na kunyang'anywa funguo katika kikao kimoja, na tangu siku ile nimeapa, nikiulizwa kitu nisichokijua nasema sijui hapo hapo, hata kama anayeuliza ni baba mkwe. Juma lililopita Papa Kashindi aliniuliza kama najua kutengeneza paa. Nikasema sijui, Papa. Akafurahi sana, akanipa ngazi nimshikie.