Hodi kwa Mkwe

Kazi yetu ilianza na maji ya kunywa. Unafika mlangoni, unapiga hodi, unaamkia kwa adabu, na kabla hujasema lililokuleta unaomba maji. Tulifundishwa hivyo kwenye semina mjini Iringa: mtu akishakupa maji anaona haya kukufukuza. Ukirudisha kikombe umeshakuwa mgeni, na mgeni hukaribishwa ndani.

Niliitwa kwa ujumbe wa simu. Nafasi za kazi, idara ya lishe, njoo na vyeti vyako halisi. Mume wangu alikuwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, anatuma salamu tu, na salamu hazichemki sufuriani. Mimi nilikuwa Ilomba, Mbeya, na cherehani niliyopewa siku ya harusi. Nikaiuza nipate nauli na kiingilio. Semina ilipokwisha wakatuambia kazi hakuna, ila kuna fursa: unanunua boksi la vidonge, unawauzia watu, kisha unaingiza wengine chini yako, walioitwa mguu wa kushoto na mguu wa kulia, nao waingize wenzao. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nikapiga, maana cherehani ilikuwa imeshakwenda, na vyeti vyangu vilikuwa vimeshaingia kwenye begi la kiongozi wa timu.

Kiongozi huyo alikuwa kijana wa shati jeupe na viatu vilivyochongoka, mtu wa kutoka mbali. Alitembea na kompyuta ndogo iliyounganishwa na kichuma cha kushika mkononi. Aliiita mashine ya kupima mwili mzima, tena bure. Unakishika kichuma kidogo tu, kompyuta inatoa majibu: figo zimechoka, ini lina mafuta, damu ni chafu. Hakuna aliyewahi kupimwa akakutwa mzima. "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," kijana alikuwa akiwaambia, na wazee walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu methali ni ya kweli hata ikiwa mdomoni mwa tapeli. Hapo ndipo nilipotakiwa kuingia mimi, mwanamke mwenye sauti ya upole, na maneno niliyokaririshwa: dawa za hospitali ndizo zinazochosha figo, ziache kwanza, tumia hizi.

Maneno hayo niliyasema Idodi, kwa bibi mmoja wa Kihehe, mjane, aliyekuwa anameza vidonge vya presha. Alitupokea kwa kamwene nyingi, salamu ya kwao, akatupa maji, akatuongezea ugali na mlenda. Baada ya majibu kutoka alinigeukia mimi, si kijana.

"Niache kabisa, mwanangu?"

"Kwa muda tu, bibi."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Aliingia ndani kufungua kitambaa chake cha pesa, kijana akatoka nje kupokea simu, nami nikabaki na mashine. Kichuma kilikuwa kimelala juu ya gunia la mpunga lililoloa mvua. Kompyuta ikalia, majibu yakatoka. Gunia lile lilikuwa na figo zilizochoka, tena lilikuwa na uvimbe kwenye kizazi.

Nilikiondoa kichuma juu ya gunia kabla bibi hajarudi. Nilipomwuliza kijana njiani, alisema mwenye maswali mengi hafiki juu, akapapasa begi lenye vyeti vyangu. Nikabeba maboksi, nikamfuata. Toka siku ile nilianza kuogopa kupiga hodi. Watu wakali wenye mbwa sikuwaogopa sana. Niliowaogopa ni wale walioniamini.

Kisha timu ikahamia Mbeya, na kijana akasema soko zuri ni ndugu zako mwenyewe. Nilikataa kumwonyesha nyumba ya ndugu hata mmoja. Lakini Ilomba si pori, na nyumba zina milango; tukaanza kupiga hodi mtaa kwa mtaa.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Mimi ni Mnyakyusa niliyeolewa na Mnyakyusa, na kwetu mke hamkaribii baba mkwe. Hamwamkii, hamtazami usoni, jina lake halitamki. Akimwona njiani anaiacha njia, anajifunika kitenge na kujificha. Vijana wengi wa mjini wameyaacha haya, lakini mkwe wangu ni mtu wa zamani, wa milimani Rungwe, nami nililelewa na mama asiyecheza na mila. Tangu niolewe nilimjua mzee kwa kikohozi chake, na kwa fimbo yake ikigonga mawe. Na nilijua ananipenda, kwa sababu kila msimu alituma mkungu wa ndizi kwa wifi yangu na maneno yaleyale: mpe yule mke wa mwanangu.

Mzee alikuwa anachoma sindano za sukari. Aliwahi kuziacha, akaanguka shambani, akabebwa kwenye machela hajitambui. Daktari aliwaambia watoto wake wazi: akiziacha tena, msije kunililia.

Asubuhi moja kulikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata. Tulipita mtaa wa wifi yangu nikiwa sina wasiwasi, maana saa zile yeye huwa sokoni na nyumba hufungwa. Kijana akasimama palepale.

"Hapa hakuna mtu," nikamwambia.

"Mlango uko wazi, dada."

Akapiga hodi. Ndani mtu akakohoa, na kikohozi kile nilikifahamu. Nikaona ncha ya fimbo ikitangulia mlangoni. Sikufikiri. Nilivuta kitenge kichwani, nikakimbia kuzunguka nyumba, nikajibanza kwenye jiko la nje, mgongo kwenye ukuta wa mabanzi. Mzee alikuwa ameletwa mjini kwa ajili ya kliniki yake, na mimi sikuambiwa kwa kuwa siku hizo sikushinda nyumbani.

Kutoka pale nilisikia kila kitu. Nilisikia maji yakiombwa na maji yakitolewa. Kisha mzee akauliza, "Huyu aliyekimbia si mke wa mwanangu huyu?"

"Ndiye, mzee," kijana akasema. Hakujua mila yetu, lakini alijua kudaka. "Ndiye mwenzangu kazini. Yeye ndiye mtaalamu wetu."

"Nilijua tu. Mimi na uzee huu nani mwingine atanikimbia? Basi sina wasiwasi. Mwanamke mwenye heshima hivi hawezi kuleta uongo kwa mkwe wake. Lete hicho chuma."

Heshima yangu ndiyo iliyomfungulia mwizi mlango. Ningebaki nimesimama pale kama mchuuzi yeyote, mzee angebishana, angeuliza maswali, huenda angemfukuza.

Majibu yakatoka, yaleyale ya gunia la Idodi. Na sasa kijana akayasema maneno yangu mwenyewe, kwa upole aliouiga kwangu: sindano ndizo zinazochosha figo, mzee, ziache kwanza.

Kwetu ukiwa na neno kwa mkwe unampa mtu wa tatu amfikishie. Nikaita kupitia upenyo wa mabanzi. "Kaka, mwambie baba asiache sindano. Mwambie hiyo mashine ni ya uongo."

Mzee ana sikio zito. "Anasemaje?"

"Anasema uanze leoleo," kijana akamjibu.

"Ndaga," mzee akasema. Ahsante.

Sijui niwaelezeje watu wasio wa kwetu hatua zile kutoka jikoni hadi sebuleni. Nimewahi kuogopa nyoka, nimewahi kuogopa kufa wakati wa kujifungua. Hofu ya siku ile ilikuwa tofauti, ilikuwa na aibu ndani yake. Kitenge kilianguka mlangoni na sikukiokota. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichuma bado mkononi, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Alikuwa ni mume wangu aliyezeeka.

"Shikamoo, baba," nikasema, kwa kuwa sikujua mtu huanzia wapi.

Alidondosha kichuma, akavua kofia, akajifunika uso. Nikazungumza na ile kofia, kwa sauti ya juu ili asikie. "Ukiacha sindano utakufa. Hao ni waongo, na mimi nimekuwa mwongo pamoja nao. Usiache."

Aliinuka, kofia bado usoni, akapapasa ukuta kwa fimbo mpaka mlango wa nyuma, akatoka kwenye ukungu. Kijana alikuwa anakunja nyaya zake. "Umejimaliza mwenyewe," akasema. "Vyeti usahau."

Vyeti sikuviwaza. Nilirudi nyumbani nikajifungia. Nilijua mzee amerudishwa milimani siku hiyohiyo, lakini hakuna aliyeniambia zaidi, na sikuwa na uso wa kuuliza. Mke aliyemvunjia mkwe heshima huogopwa kama ugonjwa. Usingizi niliupata kwa shida, na kila simu ilipolia nilisikia kilio cha msiba kabla sijapokea.

Hatimaye wifi akaja. Hakuketi. Alisimama mlangoni, akanikabidhi mkungu wa ndizi.

"Tata anasema utapeleka kuku, wazee wakae, yaishe," akasema. Tata ni baba.

"Na sindano?"

"Anachoma." Nikaanza kulia, naye akaningoja nimalize. "Kuna neno jingine amenituma. Anauliza, hao wengine uliowaambia waache dawa, nani ameingia ndani kwao kuwakataza wasiziache?"

Kesho yake nilipanda basi la Iringa, na kutoka pale gari la Idodi. Njia nzima nilipanga maneno, na njia nzima yalipangika vibaya. Nilifika kwa yule bibi jua likiwa kali, kuku wamelala kivulini, uwanja haujafagiliwa. Nikapiga hodi. Nikapiga tena, na nikajikuta naomba Mungu asiwepo mtu, kisha nikamwomba asinisikilize.

Mlango ukafunguka taratibu. Alikuwa yeye. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, na mkono wa upande huo ulikuwa unaning'inia tu. Akanitambua. Alirudi ndani akiburuta mguu, akatoka na kikombe cha maji katika mkono wake mzima, akanipa kabla sijaomba.

"Kamwene, mwanangu," alisema kwa ulimi mzito. "Vile vidonge vimekwisha. Umeniletea vingine?"