Pikipiki Iliyolala na Ng'ombe

Mlio ndio uliotangulia. Tk, tk, tk, mkavu, wa haraka, kama mtu anayegonga kucha kwenye sufuria tupu. Nilikuwa nyumba ya wageni pale Mbulu mjini, pazia halijafunguliwa, na kabla sijamwona kijana wa bodaboda aliyekuwa akibonyeza swichi huko nje, nilishakaa kitandani nikisema peke yangu: hiyo si betri, ni waya wa negativu. Halafu, kama nilivyolelewa, nikajiuliza ni nani kamfanyia.

Ndiyo, rafiki yangu. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichoharibika chenyewe.

Babu alikuwa na pikipiki kubwa ya safari, yenye kioo mbele na masanduku ubavuni. Mgeni mmoja aliizungusha nchi nyingi mpaka akachoka nayo alipofika kwetu. Akamwachia babu kwa fahali wawili, fahali akawauza mnadani, akapanda basi. Haikuwa na kiki ya kuwashia kwa mguu. Stata ikigoma, hakuna safari. Na safari za babu zilikuwa za lazima, kwa sababu ng'ombe wake wengine alimkabidhi rafiki awafuge kule Balangdalalu, naye alipenda kumtokea ghafla na kuwakagua kabla rafiki hajamaliza kusema karibu.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo. Ng'ombe walilala humo humo ndani, upande wa kushoto wa mlango, na joto lao lilitufikia kitandani. Bado nasikia ile harufu: maziwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi, viazi chini ya majivu, na mkojo wa ng'ombe ulionitoa machozi kila asubuhi nilipokwangua samadi. Babu aliiingiza pikipiki huko huko. "Mwizi aanze na pembe," alisema. Akatukataza kumwambia mtu yeyote inalala wapi. Kukipambazuka tuliisukuma uani na kuifuta, majirani wasijue imetokea wapi.

Basi stata ikaanza kugoma. Fundi alikuwa kijana wa Balangdalalu aliyefungua gereji mjini, mpole, mwenye mikono isiyotulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekufa tena. Naona umefurahi."

Fundi aliwasha taa, akabonyeza stata, taa ikafifia. "Betri nzima, mzee. Umeme ndio haupati njia." Akachuchumaa, akafungua nati ya chini ambapo waya wa negativu unashika fremu, akakung'uta unga wa kijani, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Akabonyeza tena. Ikanguruma, kuku wakatawanyika.

"Mzee, hii inalala wapi? Kuna kitu kinaila."

"Inalala zinapolala pikipiki."

Babu alimkalia karibu kiasi cha kumzibia mwanga, macho kwenye vidole vyake. Kabla fundi hajaondoka aliamriwa kugeuza mifuko: bisibisi, msasa, na pipi, ambayo alinipa mimi. Shangazi yangu, binti mdogo wa babu, alimletea uji, na bakuli lile lilichukua muda mrefu mno kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Jirani yetu aliliona hilo akiwa kwenye ua wake. "Baba," alimpigia babu kelele, "huyo anatengeneza pikipiki au anajitengenezea njia?"

Hapo shaka ya babu ikapata miguu. Aliamini fundi anailegeza kusudi ili aitwe tena. Na kweli, kila mvua mbili tatu, tk, tk, tk, na fundi huyo analetwa. Ilipokuja habari kwamba wazee wa kwao wanataka kuja na pombe ya asali kumposa shangazi, babu alimwambia mbele yetu sote: "Itengeneze kwa mara ya mwisho. Ikigoma tena, asali hiyo mkanywe wenyewe, na hapa usikanyage."

Shangazi aligeuka kumtazama fundi, kisha akaitazama ile pikipiki kwa hofu ambayo sikuielewa.

Iligoma. Babu akatuma neno mjini kwamba asali isije. Shangazi hakula, alisugua vibuyu vilivyokuwa safi tayari.

Asubuhi iliyofuata bibi aliingia nami kukwangua samadi. Akasimama mlangoni. Bawaba ya chini ilikuwa imeliwa zamani kwa rashasha za mkojo, hata mlango ukifungwa ilibidi uunyanyue. Bibi akaitazama bawaba, akaitazama ile nati ya chini, kisha akatazama kigingi cha ng'ombe mwekundu. Miaka yote kilikuwa ukutani kwa ndani. Sasa kilikuwa pembeni mwa pikipiki, na tundu lake la zamani limezibwa kwa samadi.

"Nani amehamisha kigingi?"

Kufunga ng'ombe jioni ilikuwa kazi ya shangazi. Aliposikia swali hilo alichukua ndoo, mtungi ukiwa umejaa pomoni, akaenda kisimani. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Aliyetaka fundi aitwe hakuwa fundi. Baada ya onyo la babu, shangazi aliogopa kuonekana akikirudisha kigingi.

Babu aliambiwa nusu tu: kwamba mkojo unakula chuma. Hakukubali. "Fundi kakufundisha useme hivyo." Basi bibi akaifungua na kuisugua ile nati mwenyewe, pikipiki ikahamia jikoni, karibu na moto, tukawa tunaizunguka na vyungu vya makande. Kila asubuhi iliwaka kwa kidole kimoja, na kila asubuhi babu alinuna kama mtu aliyeibiwa mwizi wake. Mwishowe akatuma neno jingine mjini: asali ije.

Leo pale pana nyumba ya tofali. Ng'ombe wana banda lao, bawaba mpya hazilii, na pikipiki imebaki fremu ambamo kuku hutaga. Babu hayupo. Sijui alijua kiasi gani, nami bado namshuku.

Kwani siku asali ilipoletwa, ikanywewa, na shangazi akatoka na mkeka wake na vibuyu viwili, babu alimsindikiza mpaka kizingitini. Akamwangalia kwa lile jicho alilomwangalia nalo fundi.

"Huko uendako," alisema, "ng'ombe mfunge mbali na pikipiki."

Shangazi akaficha uso kwenye khanga, akashuka kilima. Babu akaunyanyua mlango kwa mikono miwili, akaufunga.