Kijiwe cha jiko la Nekesa

Nekesa alikuwa na mwiko wake. Asubuhi alibonyeza kitufe cha jiko la gesi, tak, cheche ikaruka, chai ikachemka. Lakini jiko likizimwa na bado ni la moto, hakukigusa tena kitufe. Alichukua kiberiti. Nabiswa, mumewe, alimcheka miaka yote: jiko la kujiwasha lenyewe, halafu linapigiwa njiti. Nekesa alimjibu neno moja tu.

"Lipoe."

Nekesa alipofariki, waombolezaji walijaa nyumba yao ya Makongeni. Chai ya kanisa zima ikapikwa juu ya jiko lile, kwa sufuria la harusi lililoazimwa kwa jirani. Bati la jiko likabonyea. Kila moto ulipozimika, akina mama walibonyeza kitufe. Nabiswa aliona. Akaendelea kupokea wageni.

Waliporudi kutoka kumzika Bungoma, kitufe kililia tak kavu. Cheche hakuna.

Binti wa Nabiswa, Eve, akapata sababu aliyokuwa akiitafuta. Baba asiyeweza hata kuwasha moto ataishije peke yake? Jumapili angekuja na pikapu amhamishie kwake Njiru. Hilo jiko litupwe.

Nabiswa alijitwika jiko begani hadi kwa Muthama, fundi wa majiko kando ya Jogoo Road.

Muthama alilifungua, akatoa kijiwe cheupe chembamba. Kimepasuka. Akaeleza kwamba ni udongo uliochomwa. Kinyundo cha kitufe kikikigonga, kinatoa umeme. Kikiwa baridi kinavumilia. Kikishika joto, ukaidi wake unapungua. Na kikibanwa na uzito wakati huohuo, ufa mdogo unatembea hadi mwisho.

Nabiswa alikigeuza kile kijiwe kiganjani. Kumbe ndiyo maana. Lipoe.

"Mzee, hili ni la kutupa," Muthama akasema. "Siku hizi watu wananunua tu jipya."

"Sikuja kununua. Toa kijiwe kwenye jiko lililokufa, utie hapa."

"Wewe ni mgumu kuliko hiki kijiwe."

"Mimi sijapasuka."

Muthama akacheka, akanyoosha bati, akachokora rundo la majiko mabovu mpaka akapata kijiwe kizima.

Jumapili Eve alifika. Pikapu ikanguruma nje, dereva ndani yake. Kabla Eve hajakaa, baba yake alibonyeza kitufe mbele ya macho yake. Tak. Moto wa buluu. Akamchemshia chai, akazima, akammiminia. Eve alikunywa akitazama leso ya mama yake ikiwa bado imening'inia msumarini. Halafu akainuka ampashie dereva chai iliyobaki, mkono ukaenda kwenye kitufe.

Nabiswa akamshika kiwiko.

"Bado lina moto. Kubonyeza kitufe, mama yako alingoja."

"Tungoje mpaka lini, baba?"

"Mpaka lipoe. Mwambie dereva aende zake."