Ukuta wa Shangazi

Baba mkubwa alikuwa mtu wa kuchosha, na kufa hakukumpunguzia hata kidogo. Simu ilinikuta ofisini Dodoma asubuhi, nikijiandaa kuingia kikaoni. Aliyepiga ni shangazi, mdogo wake marehemu, na hakupoteza muda kwa salamu. Alisema kaka yake amekutwa amefariki uani kwake, Busi, kwamba wanaume wamekwenda kuchimba kaburi, na kwamba mimi, kama kawaida yangu, nitachelewa.

Nilichelewa. Basi la Kondoa lilikuwa limejaa, lakini kondakta aliona bado lina nafasi. Kutoka Kondoa mjini nikapanda bodaboda iliyozima kila tulipofika kwenye mlima, na kila ilipozima dereva aliniangalia mimi. Nilifika Busi na vumbi hadi kwenye nyusi, wanaume wakiwa bado makaburini.

Inabidi nieleze mtu huyu alikuwaje. Alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, ambaye alishatangulia zamani. Alifanya kibarua cha barabara mikoani mpaka akazeeka, akarudi Busi, akajenga nyumba ya udongo ya chumba na sebule, akaezeka bati, akafunga mlango. Hakuna aliyewahi kuingia. Ukipiga hodi, alitoa kigoda akakiweka barazani, akarudi ndani, akauacha mlango wazi kiasi cha vidole viwili. Mazungumzo yote yalipitia hapo. Ulisema shikamoo, mlango ukajibu marahaba. Jua likikugeukia ukasogeza kigoda pembeni, sauti ilitoka ndani ikikuagiza ukirudishe kilipokuwa. Nilikwenda kumjulia hali kila likizo, na kila mara nilirudi Dodoma nimekasirika.

Watu walisema yao. Wapo waliodai anafuga majini, wapo waliodai kamficha mke. Mimi nilisema ni mvivu wa kufagia na anaona haya.

Aliyeumia zaidi ni shangazi. Kila Ijumaa, miaka yote ile, alimpelekea chakula kwenye bakuli la bati lenye maua ya buluu: ugali wa mtama na mlenda, na nyama ikipatikana. Kaka yake alilipokea mlangoni, akamrudishia bakuli la wiki iliyopita likiwa limeoshwa. Basi. Hakuna karibu ndani, hakuna habari za watoto. "Bakuli narudishiwa," shangazi alikuwa akisema, "asante sirudishiwi." Alilisema hilo harusini, akalisema msibani, akalisema kwangu kwenye simu mpaka nikawa nalimalizia mwenyewe. Nilimwambia aache kwenda. Alinijibu kwamba nikae kimya, yule ni kaka yake, si wangu.

Sasa, siku hiyo walipotafuta mahali pa kuwakalisha wafiwa, walichukua ufunguo mfukoni mwa marehemu, wakafungua. Chumbani kulikuwa na kitanda na makopo: ya udongo mwekundu, ya udongo mweupe, ya masizi yaliyotwangwa. Sebuleni, kuta zote nne zilikuwa zimechorwa, kuanzia sakafuni hadi mkono wa mtu mrefu unapofika. Watu na wanyama. Wanaume walichungulia, wakatoka, wakaona ni heri wauchukue mwili wawahi makaburini.

Shangazi hakutoka. Aliona tu kwamba ni picha, akafunika uso kwa khanga, akatoa amri. Nyumba hii itasomewa Kurani, malaika hawaingii penye picha, kwa hiyo kuta zisilibwe kabla wanaume hawajarudi. Kinamama wakakanda udongo na majivu, wakaanza kusiliba kwa viganja. Na kwa kuwa alihofia picha zisije zikawaingia vichwani, shangazi akaongeza amri ya pili: silibeni huku mmeinamisha macho, msitazame, na mlichokiona msikiseme.

Ndivyo nilivyowakuta. Kinamama watu wazima wanasiliba ukuta huku wanaangalia miguu yao. Udongo ulikuwa umekaa mabonge mabonge. Kuta tatu zilikuwa zimekwisha.

"Shikamoo shangazi," nilisema. "Mnafanya nini?"

"Marahaba. Vua viatu, beba udongo."

Sikubeba. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wa nne, ule wenye mlango, na pale katikati nilikuwa nimejiona. Mwanamke kwenye kigoda, amebana mkoba kwa magoti, simu karibu na pua. Hakuwa na uso, doa jekundu tu, lakini mabega yale ni yangu, nimeambiwa tangu shule ya msingi niyashushe. Pembeni yangu muuza kuku, kuku wake wakining'inia miguu juu. Punda wa jirani mwenye sikio lililochanika. Mwenyekiti wa kitongoji, tumbo limemtangulia. Wote tulikuwa tumechorwa kutoka upande mmoja. Nilirudisha mlango ukabaki wazi vidole viwili, nikachungulia. Kigoda kilikuwa barazani, palepale pa siku zote, kimejaa katika ule mwanya.

Alikuwa akituchora. Mzee huyu alituacha nje tukipigwa na jua kwa sababu alikuwa ndani akituchora, na kile kigoda alikuwa akituagiza tukirudishe ili asiharibu kazi yake. Nilikaribia kumtukana, na huko makaburini ndiyo kwanza wanamfukia.

"Shangazi, acha ukuta huu," nilisema.

"Nikiuacha, kisomo kitafanyikia wapi? Chooni?"

"Ni watu wa hapa. Ni sisi. Tazama."

"Nimekataza watu kutazama, nitazame mimi?"

Nikasimama mbele ya ukuta nikitandaza mikono, na koti langu la ofisini. Shangazi akanipaka udongo wa kiganja kizima begani, kwa makusudi, nadhani akitegemea nitaruka. Sikuruka. Tulikuwa tumesimama hivyo, yeye na udongo wake, mimi na mikono yangu, shehe aliposalimia mlangoni. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka kuzika.

Shangazi akamweleza. Shehe akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Bi mkubwa, humu wanaingia watu kumi tu. Turubai limekwisha kufungwa uani. Tutasoma nje."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kijiji kizima, pamoja na shangazi ambaye huuliza bei ya kila kitu, hakuna aliyemuuliza shehe kama kisomo kitakuwa ndani au nje. Nilitamani kukaa chini nilie, lakini sakafu ilikuwa tope.

Baada ya hapo watu wakaingia kwa zamu kujitafuta. Binamu yangu mmoja akatangaza kwamba hii ni kama ile michoro ya kale miambani, michoro ya Kolo, kisha kila aliyeingia akasema ni kama michoro ya Kolo, kila mmoja kwa sauti ya mtu aliyegundua. Mwenyekiti alijitambua kwa tumbo na akaridhika. Muuza kuku alilalamika kwamba kuku wake walikuwa wanene kuliko pale. Waliosema majini walikuwa wa kwanza kujipiga picha.

Shangazi alisimama nyuma yao muda mrefu. Mwishowe akasogea, akapita ukuta wote kwa kidole bila kuugusa, toka pembe hadi pembe, juu na chini.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

Nilijua hayupo. Nilikuwa nimekwisha kumtafuta.

"Punda yumo," alisema. "Hata huyu wa kuku anayepita kwa mwaka mara moja. Mimi nimekuja kila Ijumaa ya Mungu." Alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyechora. "Hata kuniona hakuniona?"

Nilisema labda alikuwa hajamfikia bado. Aliniambia niache upuuzi, na kweli ulikuwa upuuzi. Alikwenda kukaa na wenzake chini ya turubai, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakulitaja bakuli.

Siku ya khitma, wageni wengi walipokwisha kuondoka, nilimkuta ndani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta mkubwa, ule unaotazamana na mlango, akikwangua kwa kucha udongo alioamuru mwenyewe. Ulikuwa umeshakauka na kupasuka.

"Leta kitambaa cha maji," alisema.

Nilileta. Tulilowesha sehemu ndogo chini kabisa, tukafuta taratibu. Udongo ulitoka, na rangi ikatoka nao. Ilibidi itoke, rangi yenyewe ni udongo na maji tu, mzee hakuwa na kitu kingine cha kuishikiza. Kitambaa kilikuwa chekundu na ukutani hapakuwa na kitu. Tulijaribu kwa kisu, tukajaribu kwa unyoya wa kuku. Nilimlaumu, nakiri ni vibaya, lakini nilikuwa nimechoka: nilimwambia angetazama mara moja tu kabla ya kusiliba. Na yeye akanilaumu kwa kuchelewa kufika. Tulibishana hapo kwa muda, mikono imejaa tope.

Jirani aliyekuwa mmoja wa wasilibaji aliingia kurudisha ndoo. Alisimama akitusikiliza.

"Huu ndio ukuta niliosiliba mimi," alisema.

Shangazi akainua kichwa. "Ulikuwa na nini?"

Jirani alisita. "Si ulituambia tusitazame."

"Ulitazama au hukutazama?"

"Nilitazama, shoga yangu. Mtu atasilibaje bila kutazama?" Aliiweka ndoo chini. "Ulikuwa na mama na bakuli la maua. Mama mmoja tu. Ukuta mzima yeye. Anakuja, amesimama, anaondoka, amejitwisha, amelishika kwapani. Kwenye mvua amejifunika nalo kichwa. Tena huko juu kijana, na huku chini anainama kidogo, kama sasa."

Shangazi alikigeuza kile kitambaa chekundu mkononi. Halafu akasema, kwa hasira kabisa, "Sasa si ungesema."

"Ulisema tusiseme."

Shangazi aliinuka kwa kushika goti langu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Alikwenda kwa jirani, akalitafuta bakuli lake kati ya vyombo vya msiba, akapakua wali uliobaki, akarudi nalo akalifunika kwa sahani, akaliweka sakafuni chini ya ukuta ule. Nilimwambia panya watakula. Akaniambia nikae kimya, akavuta mlango, akauacha wazi vidole viwili.