Shaba Yenye Mwezi

Mwaka ule maneno yalikuwa yamefika mpaka mtaani kwetu Magongo: mwambao utajitenga na bara, uwe nchi yenye bendera yake na sarafu yake. Mimi sikuwa na wakati wa siasa. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami, binti mkubwa, nikatoka skuli nikawa nasafisha vyombo vya shaba kwa ukwaju na majivu katika kibanda cha fundi. Wadogo zangu wawili walishinda kwa jirani, mama wa bara ambaye mumewe alikuwa kuli bandarini. Bila yeye nisingeweza kufanya kazi.

Asubuhi moja fundi alinimwagia vipande vya mviringo, vina tundu katikati kama senti kumi. Upande mmoja palichongwa mwezi mchanga. Wa pili ulikuwa mtupu.

"Hapa patakaa nini, baba?"

"Jina la mwenye nchi. Bado hawajapatana ni nani." Akacheka, kisha akatazama mlangoni. "Ni vielelezo vya kuwaonyesha wakubwa. Usitoke nacho hata kimoja."

Nilitoka nacho kimoja. Mama alimfunga kila mtoto wake senti yenye tundu shingoni, kinga ya husuda, na kitindamimba wetu alikuwa amepoteza yake. Nilitia uzi, nikamvika.

Jioni ya pili yake jirani aliningoja nje, amemshika mtoto, na kile kipande kiko katikati ya vidole vyake.

"Hii ndiyo pesa yenu?"

"Si pesa, mama. Shaba tu, ya kumkinga mtoto."

"Mume wangu ameambiwa kazini, siku pesa hii itakapoanza kutumika tutapandishwa gari la moshi turudi kwetu. Nami nakulelea wadogo zako. Kumbe wewe wanisafishia safari!"

"Wallahi sikujua."

"Lakini huo mwezi juu yake uliuona."

Nilikata uzi mbele yake, nikaenda kukitupa chooni. Kesho yake nilibisha sana mlangoni kwake. Sufuria zilisikika ndani, mlango haukufunguliwa.

Tangu hapo wadogo zangu walishinda nami kibandani, juu ya gunia. Wiki haikuisha, fundi akamwaga vipande vingine, vingi zaidi. Nikageuza kimoja: upande wa pili bado mtupu. Nikamwambia nitasafisha masinia tu.

Hakukasirika. Alivizoa taratibu, akavirudisha mfukoni.

"Hata ukikataa wewe, mwanangu," akasema, "sarafu hizi zitang'aa."